Makaa ya Tangi

Umewahi kumwona mwanamke mwenye mimba akila makaa? Si kuonja, ni kula. Anakaa kwenye kiti kifupi, mgongo ameuegemeza kwenye mabati, anachukua punje moja, anaiweka kwa jino la nyuma na kuivunja. Sauti inatoka kama ya mtu anayetembea juu ya kokoto. Anafumba macho kidogo. Midomo imekuwa myeusi, fizi nyeusi, na haoni haya, kwa sababu hamu imemshika na haimwachi.

Hivyo ndivyo Kavutha alivyomkuta Nzula, mke wa mwanawe, asubuhi moja ya Januari, mwaka ule serikali mpya ilipoingia na watoto wakaanza kusoma bure. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya shamba la maua, ukitoka Kitengela kama unaenda Isinya, mahali udongo ni mweusi na mvua ikinyesha unang'oa viatu. Siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Upepo ulikuwa unapiga zile nyumba za nailoni za maua mpaka zinavuma, na Nzula alikuwa ameinamia jiko lililopoa, anachokora.

"Utamaliza hata jiko lenyewe, mwana wakwa," Kavutha akamwambia.

"Niache, mama, mwaitu. Ile mawe ya kutafuna, odowa, imeisha dukani kwa Hibaq. Anasema ataleta Jumatano."

"Lakini hiyo iko na majivu."

"Majivu natema."

Kavutha hakumgombeza. Angemgombezaje? Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Nzula tangu aolewe. Ya kwanza ilitoka kabla watu hawajaijua. Ya pili ilikuwa imeshaanza kucheza. Nzula alikuwa ameshamwita Kavutha aweke mkono asikie. Ilitoka siku ya soko, na Kavutha ndiye aliyeizika nyuma ya nyumba, chini ya mkonge, akarudi akapika uji. Hii ya sasa ilikuwa imeshika. Kama Nzula angetaka kula ukuta, Kavutha angeutafutia chumvi.

Na sababu ya kushika, kila mtu pale aliijua. Ilikuwa ni tangi.

Zamani watu wa pale walikunywa maji ya bwawa, na bwawa lilikuwa linapokea mtaro uliotoka shamba la maua. Maji yenyewe ukiyatazama hayakuwa na ubaya. Yalikuwa na harufu kidogo, kama ya kitambaa kipya. Lakini mbuzi walikuwa wanatupa mimba. Mzee Parmuat, ambaye boma lake lilikuwa hapo kabla ya maua, kabla ya mabati, alipoteza vitoto msimu mzima, na beberu wake mkubwa akawa anawatazama majike kama mtu anayetazama magari yakipita. Wanawake nao walikuwa na yao, lakini ya wanawake hayakusemwa kwa baraza. Parmuat ndiye aliyepiga kelele kwa chifu kuhusu mbuzi, mpaka mtu wa gazeti akaja na kamera. Baada ya kamera, kampuni ikaleta tangi.

Lilikuwa tangi jeusi la plastiki juu ya jukwaa la mawe, na mbele yake mapipa mawili ya bluu yaliyounganishwa kwa mpira. Ndani ya mapipa, chini kokoto, juu yake mchanga uliooshwa, juu yake makaa, halafu kitambaa. Makaa yenyewe hayakuwa haya ya kununua kwa debe. Yalikuwa punje ngumu, nyeusi za kung'aa, zilizotengenezwa kwa vifuu vya nazi, na yalikuja kwa magunia meupe.

Aliyeyafunga mapipa hayo alikuwa kijana mrefu wa chuo kikuu, jina lake Ouko, ambaye alikuja na viatu safi akaondoka navyo vimekuwa na uzito wa matofali. Aliwaeleza vizuri, akiwa amesimama juu ya jukwaa.

"Hizi dawa za kupulizia maua, hata ukichota kwa glasi huzioni. Zikiingia kwa mwili zinajifanya homoni. Homoni ni ile kitu inaambia mwili fanya hivi, fanya vile. Inaambia mimba kaa. Inaambia mtoto akiwa tumboni, wewe kuwa kijana, wewe kuwa msichana. Sasa hii dawa inaingilia kati inasema maneno yake. Mwili unadanganyika."

"Na makaa inafanya nini?" Parmuat akauliza.

"Makaa ndani ni matundu, mzee. Matundu madogo madogo, mengi sana. Maji inapita, dawa inashikwa."

"Kama kichujio cha chai."

"Si kama kichujio cha chai. Hicho kinazuia majani. Hii inashika vile chawa hushika nywele."

Watu wakacheka, wakamtazama mtu mmoja aliyejulikana kwa chawa, wakacheka tena. Katika kicheko hicho Ouko akaongeza kwamba makaa yakijaa yatolewe, na lori la kampuni litakuja kuyachukua yakachomwe mahali penye moto mkali. Hiyo, alisema, imo kwenye makubaliano. Halafu akashuka, akapewa soda, na mradi wake ulipoisha hakuonekana tena.

Kavutha akachaguliwa kuyatunza mapipa, kwa sababu alikuwa mjane asiyekuwa na haraka. Na kweli hakuwa na haraka. Kabla ya kutia makaa mapya aliyaosha kwenye karai mpaka maji ya mwisho yakatoka meupe, jambo ambalo wengine wangefanya mara moja wakaacha. Mchanga aliupepeta. Kitambaa alikifua kwa sabuni ya mche, akakisuuza, akakianika mbali na kuku. Maji yalipoanza kutoka kwenye bomba, aliyaonja kwanza yeye, akayazungusha mdomoni, akameza. Yalikuwa matamu. Mbuzi wa Parmuat wakazaa. Na Nzula akashika mimba, ikakaa.

Mwanzoni lori lilikuja. Wanaume wawili walipakia magunia ya makaa yaliyotumika na kuondoka nayo bila salamu. Lakini ile Januari halikuja. Magunia yakapangana kando ya jukwaa. Githongo, afisa wa kampuni wa mambo ya jamii, alipita na pikapu yake, akateremsha kioo nusu.

"Lori iko na maua, mama. Valentine imefika. Wazungu wakikosa maua siku hiyo, hata wewe hutakuwa na tangi."

"Na hii nipeleke wapi?"

"Mwaga tu hapo nyuma. Na gunia unirudishie, ziko na hesabu."

Akamwaga. Likawa lundo dogo, halafu kubwa, kwa sababu lori halikurudi hata Valentine ilipopita. Kuku wakaoga vumbi lake. Watoto wakaandika nayo kwenye mawe. Na Kavutha, kila alipolipita na ndoo, alikuwa anaona punje zile kubwa zinavyong'aa zikipigwa na jua.

Alifikiri hivi. Watu wa pale waliyaita "makaa yaliyochoka." Kitu kilichochoka ni kama majani ya chai yaliyochemshwa hata hayatoi rangi, kitamfanya nini mtu? Tena haya yalikuwa yameoshwa na maji, na si maji ya bwawa tu, maji yale yale yaliyotoka matamu yakamshikia Nzula mimba. Miezi mizima maji safi yamepita juu yake, mchana na usiku. Palikuwa na kitu kisafi zaidi ya hicho hapo mtaani? Makaa ya jiko yana majivu, yana mchanga, pengine paka amelala hapo. Haya hayakuwa na kitu.

Akachukua ungo. Akakaa kivulini mwa tangi akachambua vile mtu anavyochambua maharagwe ya wageni, akitoa vumbi, akitoa zilizovunjika, akiacha zile nzima za ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Akaziosha. Akazianika juu ya gunia. Jioni ile Nzula akavunja ya kwanza kwa jino, akatazama juu.

"Mwaitu! Hii umeitoa wapi?"

"Kula wewe."

"Iko na harufu. Tamu, kama ile ya nguo ikiwa mpya."

"Haina mchanga?"

"Haina. Aiya, ni kama njugu."

Kavutha akacheka mpaka akafuta macho. Alikuwa hajamsikia Nzula akisema kitu ni kitamu tangu ile siku ya soko. Akatafuta mkebe wa Kimbo, akaujaza, akauweka juu ya kabati mahali Nzula angeufikia bila kuinama.

Jambo zuri halikai nyumba moja. Nzula alimwonjesha jirani aliyekuwa na mimba, jirani akaenda kwa Hibaq kuuliza kama anayo. Hibaq alikuwa na duka pale kona, yeye na mumewe walitoka Garissa, na alikuwa mwanamke ambaye mteja hakuuliza kitu mara mbili. Akamwomba Kavutha amchambulie kidogo. Ikawa inauzwa pembeni ya odowa, imefungwa kwenye vipande vya gazeti, na wanawake walikuwa wanasema, "Hibaq, nipatie ile ya tangi."

"Nyinyi mtazaa watoto weusi kama sufuria," Hibaq aliwatania.

"Na ya kwako itatoka na rangi gani, mama wa duka?"

"Yangu itatoka na madeni yenu kwa mkono!"

Walikuwa wanacheka hivyo, meno meusi, matumbo mbele.

Musila, mume wa Nzula, mwana wa pekee wa Kavutha, alifanya kazi humo shambani, kwenye kikosi cha kupulizia. Aliondoka alfajiri, akarudi akiwa hana hamu ya kuongea, na mkebe juu ya kabati hakuuona, au aliuona akadhani ni chumvi. Mwezi wa Mei, Jumapili moja, alikuwa nyumbani anatafuta uzi wa kushona kiatu. Akaufungua. Akaunusa. Kavutha alimwona akiurudisha chini taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Mwaitu. Hii ni ya wapi?"

"Ni ya tangi. Nimeiosha."

"Nani anaikula?"

Nzula alikuwa mlangoni, shavu limevimba upande mmoja.

"Tema," Musila akasema. "Nzula, tema!"

Akatema mkononi. Musila akamsukuma kwenye ndoo, akamshika kichwa, akamsuuza mdomo kwa nguvu mpaka Nzula akalia kwamba anamuumiza. Alipomwachilia, akakaa juu ya kitanda na kutazama viganja vyake.

"Huko ndani tuko na ingine kama hii," akasema. "Ya kuchuja maji ya kampuni. Ikitolewa tunavaa glavu. Tunavaa kitu ya mdomo. Inawekwa kwa stoo iko na kufuli. Kuna mtu alifutwa kazi sababu kuku ya mlinzi iliingia huko ikachokora."

"Na hukusema?" Kavutha akauliza.

"Ningesema nini? Nilijua lori inabeba. Ningejua aje mnakula?"

"Lundo hukuliona?"

"Niliona makaa! Nani huona makaa akafikiria mdomo ya watu?"

Nzula alikuwa bado ameshika ile aliyoitema. "Sasa mimi nimekula nini?" akauliza.

Musila akautazama mkebe. "Sijui," akasema. "Sisi tunaita tu dawa. Ikitufikia imeshachanganywa kwa drum. Chupa zinabaki kwa ofisi."

Kutoka siku hiyo Nzula hakula tena, ingawa hamu haikumwacha. Alikuwa analamba ukuta wa udongo wa choo cha jirani. Alikuwa anakaa akilia bila sababu, na tumbo lilikuwa linacheza, na kila likicheza Kavutha alikuwa anasimama alipo, ufagio mkononi, anasubiri kama litacheza tena.

Alikwenda kwa Hibaq kwanza. Hibaq akashika kichwa. "Wallahi, Mama Musila, mimi nilifikiri ni usafi!" Akachukua kikapu kizima akakimwaga chooni mbele yake. Lakini lundo lilikuwa pale, halina mlango, na wanawake hawakuhitaji duka kuliendea.

Halafu akaenda kwa Parmuat, ambaye alikuwa mwenyekiti wa maji. Alimkuta akiwatazama mbuzi wake wakinywa kwenye birika la simenti.

"Takwenya, koko," mzee akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita bibi.

"Iko," akaitikia.

Akamweleza yote. Parmuat alisikiliza bila kumkatiza, rungu limelala mapajani. Mwishowe akauliza, "Maji yenyewe iko mzuri?"

"Maji iko mzuri. Makaa ndiyo mbaya."

"Basi tusikule makaa."

"Mzee, imemwagwa hapo. Ikinyesha inaenda wapi? Inarudi kwa bwawa. Na wale wameshakula?"

"Koko, sikiliza mimi. Ukipiga kelele, hawa watu hawataondoa makaa. Wataondoa tangi. Unataka turudi kwa bwawa?" Akaonyesha kwa kidevu vitoto vya mbuzi vikirukiana. "Angalia hawa. Mwaka juzi sikuwa na hata moja."

Kavutha akaangalia. Mzee alikuwa anasema kweli.

Ndipo akavaa leso safi akaenda kampuni. Njia nzima alikuwa amebeba swali moja tu, ameliweka tayari: ndani ya makaa mna nini? Githongo alimpokea vizuri. Ofisi ilikuwa na feni, na kwenye pembe ndoo za waridi zilizokataliwa kwa sababu ya shingo kupinda.

"Keti, mama wa tangi! Utakunywa Fanta?"

"Nimekuja juu ya ile makaa."

"Imeziba?"

"Haijaziba. Watu wanakula."

Githongo akamtazama. Halafu akageuka kwa msichana wa kompyuta. "Umesikia huyu? Wanakula makaa." Akarudi kwa Kavutha. "Na mnakula na nini, mama? Na sukuma?"

Msichana akainamisha uso ili asicheke.

"Ni wanawake wako na mimba. Wanaona hamu."

"Sisi tulileta maji. Kuna mahali tuliandika hapo, karibuni chakula?"

"Hamkusema tusikule."

"Hata sikusema msikule tangi!" Sasa akacheka wazi, mkono juu ya meza, akacheka mpaka yule msichana naye akashindwa. Alipomaliza akafuta pembe za mdomo, sauti ikashuka, ikawa ya upole. "Mama, huu ni mradi watu wanakuja kuangalia kutoka nje. Hii habari ya kula uchafu ni aibu kwenu, si kwetu. Mimi singeisema kwa watu. Musila ni kijana wako, sivyo? Wa spray?"

"Ndiyo."

"Kijana mzuri sana. Mpole."

Feni ilizunguka. Kavutha akakaza leso, swali lake akaliacha bila kuuliza. Githongo akamchagulia waridi zilizopinda shingo, akamfungia kwa karatasi, akamsindikiza mlangoni. Getini mlinzi akazichukua, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kutoa maua nje.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Julai, adhuhuri, kituo cha afya cha Kitengela. Alilia mara moja, kwa sauti nzuri ya kukwaruza, na Kavutha aliyekuwa kwenye benchi la nje akasimama, akaingia. Nesi akamfunua mtoto, akamfunika, akamfunua tena. Akamwita mwenzake. Wakazungumza wakiwa wamempa mama mgongo.

"Ni kijana," nesi akasema mwishowe, lakini alisema kama mtu anayeuliza.

Njia ya mkojo haikuwa mbele inapokuwa. Ilikuwa imefunguka chini kabisa, karibu na mfuko, na mfuko wenyewe ulikuwa mtupu, umekunjamana, haujashukiwa na kitu. Nzula alitazama, akafunika, akamweka titini. "Ananyonya," akasema. "Mwaitu, angalia, ananyonya." Wakampa jina la babu yake, Mbuvi.

Kituo kikawatuma Kajiado, hospitali ya wilaya. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na foleni yake ilifika nje hadi kwenye miti. Alimpima mtoto bila haraka. Akasema hili jambo hutokea. Kuna upasuaji, si hapa, ni Nairobi, na mtoto akue kwanza. Sababu ni nyingi.

Kavutha akamwambia habari ya makaa. Alimweleza kama anavyoeleza kila kitu, tangu magunia meupe, mpaka ungo, mpaka mkebe. Watu mlangoni walikuwa wanaguna. Daktari aliweka kalamu chini.

"Dawa gani?"

"Ya maua."

"Ya maua ziko nyingi, mama. Ziko ambazo zinaweza kufanya hivi na ziko ambazo haziwezi. Iko na jina. Niletee jina. Nikijua jina, naandikia watu wa Nairobi, wanajua watafute nini kwa damu yake na ya mama yake. Wanaangalia kama kuna kitu kingine ndani ambacho hatujakiona. Na huyu mama akitaka kuzaa tena, tunajua tungoje muda gani."

"Na nikikosa jina?"

"Nitaandika sababu haijulikani. Na ndivyo itakaa."

Kavutha akarudi getini kwa kampuni. Akaambiwa Githongo yuko field. Siku nyingine yuko mkutanoni. Musila akamuuliza msimamizi wake, kwa adabu, kofia mkononi, hizi dawa zinaitwaje. Wiki iliyofuata akaondolewa kwenye kupulizia akapelekwa kuchimba mitaro, na akaambiwa ashukuru. Jirani yule wa kwanza kuonjeshwa na Nzula alijifungua mtoto wa kike mzima, na watu wakaanza kusema, "Mnaona? Kumbe si makaa. Ni mambo ya kwao." Wengine wakasema Nzula alikanyaga kitu. Kwenye lundo, mikono haikukoma.

Halafu mwezi wa Septemba Githongo akaja mwenyewe mpaka nyumbani. Hakutoka garini.

"Mama wa tangi! Tutakuwa na wageni, watu wa kununua maua, kutoka ng'ambo. Wanataka kuona maji. Wewe utasema kidogo. Asante kwa kampuni, maji ni mazuri, basi. Musila tunaweza kumrudisha kwa kazi yake. Sawa?"

Kavutha alikuwa amempakata Mbuvi. "Sawa," akasema.

Siku ya wageni ilipofika, watu walikuta pameandaliwa. Hema lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, jenereta inanguruma nyuma ya jukwaa. Mapipa yamepakwa rangi upya. Lundo lilikuwa bado pale, ila kando yake palikuwa pamesimamishwa kibao kipya cha mbao, maandishi mekundu: NI HATARI KULA MAKAA. TUNAJALI AFYA YAKO. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri na nzi walikuwa wamenaswa kwenye herufi. Msichana mmoja mwenye mimba changa alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha kibao, kwa sababu hakukuwa na kivuli kingine nje ya hema.

Wageni walikuja na kofia za jua. Mwanamke wa afya aliyeletwa na kampuni alihutubia kwa muda mrefu juu ya tabia mbaya ya wanawake kula uchafu, na jinsi inavyotokana na ujinga. Parmuat alishukuru kwa niaba ya mifugo. Kisha Githongo akachukua kipaza sauti, akawaambia watu kwa Kiswahili, akitabasamu kwa wageni, "Sasa ni mama yetu. Akimaliza, nyote mpige makofi. Makofi ya nguvu, hata wa nyuma. Wageni wanapenda makofi."

Kavutha akampa Nzula mtoto. Akapanda. Kipaza sauti kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kilikuwa na joto la mkono wa Githongo. Kutoka hapo juu aliwaona wote: Musila na matope ya mtaro kwenye magoti, Hibaq mlangoni mwa duka amejishika kiuno, wanawake wa matumbo makubwa na wanawake wa matumbo madogo. Wageni walikuwa wameshainua kamera.

"Mimi ndiye nachambua ile makaa," akasema. Mitambo ikapiga mluzi. Watu wakaziba masikio. Akasubiri uishe. "Niliosha. Nilipatia mke wa kijana yangu. Daktari ya Kajiado anataka jina ya hiyo dawa iko ndani. Mimi nataka jina."

Akanyamaza kuvuta pumzi. Wale wa nyuma, karibu na jenereta, hawakuwa wamesikia kitu. Waliona tu amenyamaza. Wakapiga makofi. Wa katikati wakafuata, kwa sababu waliambiwa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wageni wakapiga pia, wakicheka, wakitikisa vichwa, na Githongo akapiga akiwa anakuja haraka kuchukua kipaza sauti, tabasamu halijaondoka usoni, mkono mmoja umeshanyooka.

Kavutha alikishika kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa haraka. Aliwangoja wachoke, mpaka makofi ya mwisho yakafa, na mkono wa Githongo ulikuwa tayari juu ya wake, unakunjua vidole vyake kimoja kimoja.

"Mjukuu wangu anaitwa Mbuvi," akasema. "Hii kitu nilimlisha na mkono yangu, inaitwaje?"